Kikosi cha Shikamoo

1

Saa nne kasorobo asubuhi, katika ukumbi wa ligi mjini Mafinga, Vaileth Kikoti alivaa kofia ya ukamanda, akafunga mkanda wa kiti, kisha akafanya lile jambo ambalo makamanda wenzake wa Ligi ya Zohali walikuwa wamelicheka kwa misimu sita mfululizo. Aliwaamkia askari wake.

"Nyigu, hapa kamanda. Mzee Nzowa, shikamoo."

"Marahaba, kamanda. Umeamkaje?"

"Salama, baba. Nyumbani?"

"Nyumbani wazima. Mahindi yenu yamefikia wapi?"

Vaileth alisita. Ilikuwa Julai. Mafinga nzima ilikuwa imeshavuna, magunia yameshapangwa ndani, na baridi ya asubuhi ilikuwa ikiuma mpaka meno. Huko Vwawa alikokaa mzee nako walikuwa wamevuna. Alidhani mzee anamtania, lakini saa ilikuwa inakwenda, akajibu, "Yanaendelea, baba," akapita kwa anayefuata.

"Kastuli, za Njombe?"

"Za Njombe ni baridi tu, kamanda. Nimevaa soksi jozi mbili na bado miguu siisikii."

"Siwema, Songea hamjambo?"

"Salama."

Siwema alijibu kabla swali halijaisha. Vaileth akaandika kwenye karatasi yake: *S. ana hasira leo. Asipewe kazi ya kusubiri.*

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake, kama ilikuwa siri. Watangazaji wa ligi waliwabatiza Kikosi cha Shikamoo, na walipenda kuuliza hewani kama manowari yao, Nyigu, ingefika vitani kabla haijamaliza kuulizana hali za mbuzi na shangazi. Waache waseme. Kwa dakika nne za salamu Vaileth alijua nani amelala vizuri, nani amegombana na mwenziwe, nani ana mafua, na alijua hayo yote bila kumwona yeyote uso. Wote wanne walicheza kila mmoja mjini kwake, kwenye kiti chake, na kwa miaka minne walijuana kwa sauti tu. Tena alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa anayempa amri mzee wa miaka sitini na nane. Ukimwamkia mtu kwanza, ukampa heshima yake, hata amri inayofuata haimkwami kooni.

Ukutani, kwa chaki, alikuwa ameandika kanuni zake mbili. *Ripoti moja ni uvumi. Mbili ni habari.* Na chini yake: *Usimtume mtu mahali bila kumwambia kuna nini.* Makamanda wengi wa ligi walipiga kelele na kurusha watu motoni kama kuni. Yeye aliuliza, akasikiliza, akauliza tena, akaamuru mara moja. Kwa njia hiyo Nyigu ilikuwa imefika nusu fainali.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo salamu hazikuweza kumwambia kwa hakika: kama anayemwitikia ni mtu au ni kivuli.

Mtu akishacheza mechi mia mbili, mashine za ligi humjua. Hujua anavyosita, anavyokohoa, anavyotania, anapofyatua na anapongoja. Kutokana na hayo hufinyangwa kivuli chake, ambacho hukaa kitini siku mwenyewe akiwa safarini au akiwa mgonjwa, na huongea kwa sauti yake ileile. Kivuli chenyewe hakijui kuwa ni kivuli, maana vivuli vya kwanza vilivyoambiwa vilicheza ovyo kama watu waliokata tamaa. Na ili makamanda wasivitumie vivuli kama ngao, ligi iliweka sheria mbili. Kwanza, kumwuliza au kumwambia askari kama ni mtu au kivuli ni kosa la kufungiwa msimu mzima. Pili, kivuli kikifa vitani kinafutwa, wala hakirudi tena. Mtu akifa vitani hutoka kitini akanywa chai. Kastuli alipoteza kivuli chake mwaka juzi karibu na mwezi wa Titani, na mpaka leo alikuwa akijisifu kwamba tangu azikwe ugali unashuka vizuri zaidi.

Taa ya kijani iliwaka. Vaileth akasahau mahindi.

2

Kazi ya siku ile ilikuwa hii: kuvusha meli tatu za raia kupitia Pengo, ile nafasi nyembamba iliyo kati ya pete mbili za Zohali, huku manowari sita za kikosi cha Kasulu zikiwafukuza kwa nyuma. Raia walikuwa wa kubuni, meli za kubuni, hata Zohali yenyewe ilikuwa ya kuchorwa. Kiti cha Vaileth tu ndicho kilichokuwa cha kweli, na kilitetemeka. Lakini mshindi wa ligi, kamanda na watu wake, huitwa na Idara ya Uokoaji wa Angani kufanyiwa mtihani wa kuongoza vyombo vya kweli vyenye watu wa kweli. Kwa ajili ya mtihani huo Vaileth alikuwa ameacha kazi kwenye kiwanda cha mbao, ameacha na mchumba aliyechoka kungoja.

Mpango waliuita kukata mkia. Nyigu ilikuwa manowari inayogawanyika: sehemu ya mbele ina usukani na injini, sehemu ya nyuma ina mizinga. Wakifika mlangoni mwa Pengo, mkia ungekatwa ubaki pale kuwazuia Wakasulu, nayo sehemu ya mbele iwasindikize raia mpaka ng'ambo. Mjusi hufanya hivyo kila siku. Ila mkia hauna injini, na aliyemo ndani yake harudi.

Zilihitajika dakika nne. Mzee Nzowa, aliyeubuni mpango wenyewe, aliweza kushikilia dakika nne na sekunde kumi mazoezini. Siwema, aliyekuwa wa pili kwa mizinga, hakuwahi kuvuka dakika moja na nusu. Hapakuwa na la kujadili.

"Rada," Vaileth akaita.

"Wako sita, kamanda. Wawili wanakuja kwa kasi, wanne wanavizia," alisema Siwema.

"Mzee Nzowa, wewe unaona nini kwa nyuma?"

"Naona sita vilevile. Wale wanne si kwamba wanavizia, kamanda. Wanaogopa vumbi la pete. Hawa hawajui barabara mbovu."

Vaileth alitabasamu. Mzee aliendesha malori ya magogo kwa miaka thelathini na mitatu, na kwake anga lote lilikuwa barabara mbovu. "Nimepata ripoti mbili. Kastuli, ingia kwenye vumbi, mwendo wa nusu."

"Naingia kwenye vumbi, mwendo wa nusu," Kastuli akarudia, kama walivyozoea.

Wakati huo simu ya dharura ikalia. Kila kikosi kilikuwa nayo kwa sababu ya wagonjwa na misiba, na familia za askari pekee ndizo zilizokuwa na namba yake. Katika misimu sita ilikuwa imelia mara mbili tu. Vaileth aliinama akasoma ujumbe huku jicho moja likibaki kwenye kioo.

*Dada Vaileth, mimi ni Sekela, binti wa Mzee Nzowa. Baba alifariki Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Alikataza usiambiwe. Aliyeko kitini leo ni kivuli chake. Nimeufahamu mpango wenu sasa hivi. Nakuomba, dada, kisife. Hicho ndicho tulichobakiwa nacho.*

Aliusoma mara ya pili. Akausoma tena, na maneno yakagoma kukaa mahali pamoja. Wiki mbili zilizopita? Ijumaa iliyopita tu walifanya mazoezi, na mzee alimcheka Kastuli kwa kugonga jiwe la barafu. Alicheka kile kicheko chake cha kifua, chenye kikohozi mwishoni. Maiti hazicheki watu.

Halafu akakumbuka mahindi.

Ijumaa iliyopita mzee aliuliza yamefikia wapi. Na Ijumaa ile nyingine pia. Vaileth alikuwa amejibu tu kama mtu anavyojibu salamu, bila kufikiri, na sasa alijiona mjinga. Yeye aliyejisifu kwamba anamjua mtu kwa salamu, alisalimiana na marehemu mara tatu asistuke.

Au labda hakuna marehemu. Labda ni Wakasulu wameipata namba, wanataka kumvuruga. Mambo hayo yamewahi kutokea kwenye ligi. Alitamani kumpata mtu wa kumwuliza, lakini wa kumwuliza alikuwa mzee mwenyewe, na swali lenyewe lilikuwa limekatazwa.

"Kamanda," Kastuli aliita, "tunakaribia Pengo. Dakika tatu."

"Nimesikia. Mzee Nzowa."

"Naam."

Alizungukia mbali, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. "Baba, kile kikohozi chako kimepoa?"

"Ah, kikohozi cha vumbi la barabarani hicho, kamanda. Kitanizika." Akacheka.

Jibu lilikuwa la mzee kabisa. Angelisema akiwa hai, na kivuli chake kingelisema vilevile. Vaileth hakupata chochote.

"Mimi niko tayari kwa mkia," mzee aliendelea. "Nimeshajifungia. Mkishavuka msinililie, nitakuwa naenda kunywa chai na mama watoto. Ameniahidi magimbi leo."

Mtu huyu, au kitu hiki, kilikuwa kinakwenda kufa kikiamini kwamba kuna chai upande wa pili. Kanuni ya pili ukutani ilikuwa mbele ya macho yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Usimtume mtu mahali bila kumwambia kuna nini. Lakini ataambiwaje, na mwamuzi anasikiliza kila neno, na zimebaki dakika mbili, na kivuli kinachoambiwa ukweli huvunjika?

Kama ni mtu, kumwacha kwenye mkia hakumgharimu chochote. Kama ni kivuli, kumwacha pale ni kumzika mara ya pili kwa mkono wake, na huko Vwawa kuna binti anayeangalia. Siwema alikuwa mtu, hilo alikuwa na hakika nalo, maana vivuli havinuni namna ile. Siwema akifa atatoka akaendelee kununa jikoni kwake. Ukiipiga hesabu hivyo, ilikuwa nyepesi. Ila mshindi hakuwa Nyigu kwenye hesabu hiyo.

Alikuwa na ripoti moja tu. Alilijua hilo wakati mdomo wake unafunguka.

"Siwema, hamia mkiani. Mzee Nzowa, toka kwenye mizinga, njoo mbele ushike rada."

Hakuna aliyerudia amri, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye manowari ile.

"Kamanda, rudia," alisema Siwema. "Mimi? Mkiani?"

"Umesikia."

"Dakika nne mimi siziwezi, na wewe unajua."

"Siwema, hamia mkiani."

"Nahamia mkiani," Siwema akasema polepole, kama anayemsomea mtu mwingine barua.

Ndipo mzee akazungumza, kwa sauti ambayo Vaileth hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mzima aliyenyang'anywa kigoda mbele ya wageni. "Kamanda, nimekosea nini?"

"Hujakosea, baba."

"Basi nimezeeka. Sema tu. Nitaelewa."

"Baba, toka kwenye mizinga."

"Natoka kwenye mizinga," alisema Mzee Nzowa.

Siwema alishikilia dakika moja na sekunde arobaini. Ilikuwa rekodi yake, na haikutosha. Wakasulu walipita kama maji yaliyobomoa tuta, wakaichoma meli ya kwanza ya raia, wakaichoma ya pili. Ya tatu ilivuka pamoja na nusu ya Nyigu. Kioo kikawa chekundu, kikaandika matokeo, na kiti kikaacha kutetemeka.

3

Mwamuzi wa ligi, mama mmoja mpole aliyeitwa Bi. Mwanaisha, alikuja kwenye mawimbi akiwa na swali moja tu. "Kamanda Kikoti, kwa kumbukumbu zetu. Kwa nini ulimbadilisha mpiga mizinga?"

"Sijui," alisema Vaileth, na ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa.

"Nitaandika hivyo. Una dakika kumi za kuwaaga watu wako."

Kuaga nako kulikuwa na utaratibu wake. Askari hatoki kitini mpaka kamanda amtaje jina na kumpa ruhusa. Kila jina likitajwa, mashine huonyesha vitufe viwili: *ya leo*, kushoto, na *ya moja kwa moja*, kulia. Cha kulia ni cha wanaostaafu. Kikibonyezwa, jina huondoka kikosini na kivuli cha mwenyewe hufutwa papo hapo, popote kilipo. Vaileth alikuwa amekitumia mara moja tu, kwa rubani wao wa zamani aliyehamia Msumbiji, na alisita ingawa rubani mwenyewe alikuwa mzima anaimba.

"Siwema. Ruhusa."

"Asante," alisema Siwema. Kisha, kwa kuwa moyo wake haukuwa mbaya, "Kamanda, utanieleza siku moja?"

"Nitakueleza."

Kushoto.

"Kastuli. Ruhusa."

"Kamanda, mie sina neno. Ila tulikuwa nayo. Tulikuwa nayo mkononi." Akatoka.

Kushoto. Akabaki mmoja, na Vaileth hakulitaja jina lake. Mzee alisikika akipumua, au kilisikika kitu kilichojifunza kupumua kwake.

Simu ya dharura ikalia tena. Safari hii haikuwa ujumbe.

"Mwanangu, wewe ndiye Kamanda?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mke wa Nzowa. Mama Sekela." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia siku nyingi. "Sekela alikuandikia?"

"Aliniandikia. Pole sana, mama. Sikujua. Hatukujua sote."

"Alikataza mwenyewe. Alisema mkijua mtambeba kama yai. Mwanangu, ulimtoa mkiani kwa sababu ya Sekela?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi hakuna aliyeniuliza."

Vaileth alifumba macho. Ripoti moja ni uvumi.

"Alipokuwa anaumwa," Mama Sekela aliendelea, "nilikaa naye miezi mitano. Alikuwa ananieleza huo mkia wenu mpaka nikaujua kama njia ya kisimani. Akasema, mke wangu, nikitangulia kabla ya mechi, kiacheni kivuli kikakae kitini, wanitume kama walivyopanga. Nataka kuondoka nikiwa nimetumwa kazi. Leo asubuhi nilioga, nikavaa kitenge kizuri, nikakaa kumsikiliza mume wangu akiondoka. Halafu nikakusikia unamtoa."

"Mama, nisamehe."

"Sikugombezi. Nakueleza tu ujue. Kila jioni Sekela anakifungulia hapa sebuleni, nacho hakikumbuki ya jana, kinaniuliza mahindi yamefikia wapi. Msichana anajibu, yamefika kiunoni, baba. Mahindi tumeshavuna, mwanangu. Tulivuna baada ya msiba, bila yeye. Kila jioni mimi nalazimika kuyarudisha shambani."

Kulikuwa na purukushani ya simu kushikwa na mkono mwingine. "Dada Vaileth, ni Sekela. Usimsikilize mama peke yake. Yeye alimwuguza, akaagana naye, akamfumba macho. Mimi nilikuwa kazini Sumbawanga, nikafika nikakuta jeneza limefungwa. Sikumwambia hata neno. Wiki mbili tu, dada. Hata mtu anayekunywa uji hupewa muda zaidi ya huo."

"Sekela, nimekusikia."

"Usimpe ile ruhusa nyingine. Ya leo tu."

Sasa alikuwa na ripoti mbili, na zilipingana, na kanuni yake haikuwahi kusema mtu afanye nini zikipingana. Alitazama ile chaki ukutani akaiona kama imeandikwa na mtoto. Dakika tano zilikuwa zimebaki. Hakujua nani mwenye haki ya kitu kile: mke, au binti, au ligi, au yeye mwenye vitufe, au kitu chenyewe. Hakujua hata kama kina haki. Alichojua ni kwamba amemfedhehesha mzee mbele ya wenzake bila kumwambia sababu, na hilo halikuhitaji ripoti ya pili.

Aliiweka simu karibu na kipaza sauti, ikiwa wazi.

"Mzee Nzowa."

"Nipo, kamanda. Bado sijapewa ruhusa."

"Nataka kukueleza kwa nini nilikutoa."

"Si lazima. Kamanda haulizwi."

"Mimi huulizwa, baba. Sikukutoa kwa sababu umezeeka. Hakuna anayepiga mizinga kama wewe kwenye ligi nzima. Nilikutoa kwa sababu ulisema utakunywa chai, na hakuna chai, baba. Mzee Nzowa mwenyewe alifariki wiki mbili zilizopita, nyumbani, mke wake yuko naye. Wewe ni kivuli chake. Ningekuacha pale ungefutika, na nisingekuwa nimekwambia."

Alitegemea kusikia kitu kikivunjika. Bi. Mwanaisha, ambaye kwa sheria angepaswa kukata mawimbi, hakukata. Zilipita sekunde kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Pumzi ilisikika ileile.

"Sekela yuko wapi?" ikauliza sauti.

"Yuko kwenye simu, baba. Anakusikia."

"Sekela."

"Shikamoo, baba," alisema Sekela, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Marahaba, mama. Umetoka Sumbawanga lini?"

"Nilichelewa, baba. Gari liliharibika Laela. Nilichelewa, nisamehe."

"Ile barabara naijua. Haina mwenyewe." Kikohozi kidogo kikafuata. "Mahindi yamefikia wapi?"

Vaileth alishika ukingo wa kiti. Upande ule wa simu palisikika mtu akivuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine. Mama Sekela hakumsaidia binti yake, wala Vaileth.

"Tumeshavuna, baba," alisema Sekela. "Gunia kumi na nne. Mama na mimi na watoto wa baba mdogo."

"Kumi na nne."

"Kumi na nne, baba."

"Basi vizuri," alisema Mzee Nzowa. "Kamanda."

"Naam, baba."

"Naomba ruhusa."

Vitufe viwili viliwaka kwenye kioo. Vaileth alivitazama, akatazama simu. "Ya leo, baba?"

"Mahindi yakishavunwa, kamanda, mlinzi wa shamba anafanya nini tena shambani? Anarudi nyumbani."

"Sekela," Vaileth aliita. Alitaka kusikia kutoka kwake pia, ingawa ilikuwa imebaki dakika moja na kidogo.

Sekela alikuwa analia waziwazi sasa. "Mpe," alisema. "Mpe aliyoiomba."

"Mzee Obadia Nzowa," alisema Vaileth, na alilitamka jina lote, taratibu, ili lisikike Vwawa na Kasulu na popote pengine. "Umeshika mizinga ya Nyigu miaka minne. Hukukosea kitu. Ruhusa."

Akabonyeza cha kulia. Pumzi ikakatika katikati, bila kelele, na kwenye orodha ya kikosi yakabaki majina matatu.

Taa za ukumbi zilizimwa na mawimbi ya ligi yakafungwa. Vaileth hakuondoka. Mkanda ulikuwa bado umemfunga, kofia bado iko kichwani, na alikaa akikodolea kioo cheusi bila kujua anangoja nini, maana kwenye manowari hakuna aliye juu ya kamanda wa kumwambia sasa basi. Simu ilikuwa bado wazi.

"Mwanangu," aliita Mama Sekela baada ya muda, "bado upo?"

"Nipo, mama."

"Umekula tangu asubuhi?"

"Bado."

"Vua hilo likofia lako uende nyumbani ukale. Ruhusa."